Bosi kujua jina la mwanao hakulipi ovataimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye kampuni za kati, pamoja na wale wanaowashikia mafaili ya utumishi. Nazungumzia kampuni ambazo Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 inaziweka daraja la kati, zenye wafanyakazi kuanzia 50 hadi 99. Ziko Vingunguti, ziko Chang'ombe, ziko Njiro kule Arusha na Nyakato kule Mwanza. Zinachapa lebo, zinasaga nafaka, zinashona magodoro, zinapeleka malori Tunduma. Habari za kazi magazetini huwa ni za watumishi wa umma, au za machinga, au za migodi mikubwa. Hawa wa katikati hawasemewi, na wao ndio wanaoamka saa 10 alfajiri kuwahi daladala ya kwanza ili mashine iwake saa 1 kamili.

Muulize mfanyakazi wa kampuni ya namna hii kwa nini hajaondoka. Mara nyingi hataanza na mshahara. Ataanza na kujulikana. Mkurugenzi anapita asubuhi kwenye mashine, anamwita kwa jina, anamuuliza mtoto aliyelazwa wiki iliyopita anaendeleaje. Akifiwa, gari la kampuni linabeba wafiwa hadi kijijini na wenzake wanafika matanga. Akihitaji advansi ya shilingi 150,000 kwa ajili ya hospitali, haandiki maombi yanayopita kwenye meza tano. Anaonana na mhasibu saa 3 na saa 5 pesa iko kwenye simu. Mambo haya si madogo. Watu wamekataa mshahara mkubwa zaidi kwingine kwa sababu ya mambo haya haya, na mwenye kampuni anayeyadharau hajui anachomiliki.

La pili ni kujifunza. Katika kiwanda kikubwa, mwendesha mashine ya kuchapa anasimama kwenye mashine moja miaka 6, na ikiharibika anaita idara ya ufundi. Katika kampuni ya watu 70 yeye mwenyewe anafunga pleti, anachanganya wino mpaka rangi ifanane na sampuli ya mteja, anabadilisha beringi, na mteja akilalamika anaitwa aeleze. Karani wa hesabu naye ndiye anayewasilisha PAYE, yaani kodi ya mshahara, kabla ya tarehe 7, VAT kabla ya tarehe 20, michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na bado anafuatilia mzigo bandarini. Baada ya miaka 3 mtu huyu anaijua biashara nzima. Ndiyo maana kampuni kubwa huja kuwavuna huku.

Sasa muulize kinachomkera. Ukisikiliza kwa makini utaona kinatoka kwenye shina lile lile. Kwa kuwa tunajuana, mambo yanakwenda kwa mdomo. Nyongeza ni ya mdomo, ovataimu ni ya mdomo, cheo ni cha mdomo, na siku mambo yakiharibika hata kufukuzwa kunakuwa kwa mdomo: "Kesho usije." Ukaribu ambao ungekuwa mapambo ya kazi umegeuzwa kuwa mbadala wa mkataba. Hilo ndilo nataka wenye kampuni walione, maana linatibika bila gharama kubwa.

Nianze na ovataimu, kwa sababu ndipo panapovuja kuliko kote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi 6. Kinachozidi hapo ni ovataimu, nayo inafanywa kwa makubaliano na haivuki saa 50 katika wiki 4. Kazi yote ya siku moja, ovataimu ikiwemo, isivuke saa 12. Malipo ni mara moja na nusu ya kiwango cha saa. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu ya kitaifa ni mara mbili. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 juu ya malipo ya saa hiyo.

Kiwango cha saa kinapatikanaje? Hapa wengi wanakosea. Mshahara wa msingi wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa za wiki. Kwa mtu wa saa 45, hiyo ni sawa na kugawanya kwa 195. Mwenye shilingi 600,000 anapata takriban 3,077 kwa saa, na saa moja ya ovataimu ni 4,615. Wapo wanaogawanya kwa siku 30 kisha kwa saa 9, yaani kwa 270, wakapata 2,222. Hapo mfanyakazi amekatwa zaidi ya robo ya haki yake, na pengine mhasibu hana hata nia mbaya: amerithi fomula hiyo kwenye jedwali la kompyuta kutoka kwa aliyemtangulia. Wengine wana kiwango cha mkupuo, shilingi 2,000 kwa saa kwa kila mtu, mfagiaji na fundi mkuu sawa. Fundi anajua anaibiwa. Hasemi, ila siku ya oda ya haraka simu yake haipatikani.

Lakini hata fomula sahihi haisaidii kama saa zenyewe hazikuandikwa vizuri. Tazama daftari la ovataimu la kiwanda chochote cha kati. Ni kaunta buku iliyochanika jalada, inakaa kwenye droo ya supavaiza. Jumatatu hadi Ijumaa haina kitu. Jumamosi mchana supavaiza anaifungua, anakuna kichwa, anaandika wiki nzima kwa kalamu moja na kwa kumbukumbu. Aliyetoka saa 2 na dakika 40 usiku anaandikiwa saa 2. Aliyegombana naye Alhamisi anasahauliwa. Mwisho wa mwezi mhasibu anaona saa ni nyingi, anakata kwenye 50, na zile 14 zilizobaki "zinahamia mwezi ujao", ambao nao una zake. Hakuna anayeziona tena.

Tiba yake ni karatasi moja kwa kila mtu kwa mwezi. Safu zake ziwe: tarehe, kazi iliyofanyika, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, jumla, sahihi ya mfanyakazi, sahihi ya supavaiza. Zote mbili ziwekwe siku hiyo hiyo kabla mtu hajatoka getini, si kesho yake. Andika hadi robo saa. Funga hesabu tarehe 20 ili mhasibu awe na siku za kuhakiki kabla ya mshahara, na saa za kuanzia tarehe 21 ziingie mwezi unaofuata. Kila mtu aelezwe hivyo mapema. Nakala moja abaki nayo mfanyakazi, hata kama ni picha ya simu. Mtu akifika saa 40 za ovataimu kabla wiki 4 hazijaisha, supavaiza ajulishwe ili apange mwingine. Kama kila mwezi watu wale wale wanagonga 50, hapo kampuni inahitaji kuajiri watu wawili wengine, na iseme hivyo waziwazi.

Neno moja kuhusu vyeo. Sheria inawaondoa kwenye masharti ya saa za kazi wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kumpa dereva jina la "meneja wa magari" ilhali hana mtu chini yake hakumwondoi kwenye ovataimu. Kinachoangaliwa ni kazi anayofanya, si kadi anayovaa shingoni.

Jambo la pili ni makato, na la NSSF hasa. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na utaratibu wa kawaida ni nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi. Kwa yule mwenye shilingi 600,000 na bila ovataimu, slipu yake inatakiwa isomeke hivi: mshahara 600,000, NSSF 60,000, kinachotozwa kodi 540,000, PAYE 24,000, mkononi 516,000. Kodi ile inatoka wapi? Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi. Zinazofuata mpaka 520,000 zinatozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Na 20,000 zilizobaki zinatozwa asilimia 20, ambayo ni 4,000. Mfanyakazi akielezwa hesabu hii mara moja tu, kwa dakika 10, nusu ya minong'ono ya mwisho wa mwezi inakwisha. Anayenung'unika ni yule anayepewa kiasi cha mwisho tu kwenye simu, bila slipu. Na kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya makato yake si hisani, sheria inadai.

Tatizo baya zaidi ni makato yaliyokatwa lakini hayakufika. Sababu yake kila mhasibu wa kampuni ya kati anaijua. Mteja mkubwa anachukua mzigo leo, analipa baada ya siku 90. Msambazaji wa malighafi anataka pesa taslimu. Umeme ukikatika jenereta linataka dizeli. Katika wadai wote hao, NSSF ndiyo isiyopiga kelele asubuhi hiyo, kwa hiyo pesa yake inaazimwa "kwa wiki mbili". Wiki mbili zinakuwa miezi minane. Mwanamke anakwenda kudai fao la uzazi anaambiwa rekodi ina mapengo. Mwanamume anaachishwa kazi, anakuta miaka 5 yake inasomeka miaka 3 na nusu. Shilingi 60,000 zile zilikuwa zake, zilitoka kwenye jasho lake, na adhabu ya kuchelewesha ni ya mwajiri. Hakuna kitendo kinachovunja imani ya wafanyakazi kwa haraka namna hii, na hakuna pole ya msibani inayoirudisha.

Mfanyakazi naye asisubiri. Kila miezi 3 aombe taarifa yake ya michango, kwa simu au dirishani NSSF, aiweke mezani pamoja na slipu zake 3. Aangalie kama kila mwezi upo, kama kiasi ni mara mbili ya alichokatwa, kama jina na namba ya uanachama vimeandikwa sawasawa na kitambulisho cha NIDA. Herufi moja ikikosewa, michango inaweza kwenda isikojulikana. Pengo la mwezi mmoja linazibika kwa mazungumzo. La miaka miwili linahitaji kesi. Kwa upande wa kampuni, dawa ni kubandika kwenye ubao wa matangazo risiti ya malipo ya NSSF ya mwezi uliopita, basi. Mkurugenzi anayebandika risiti hiyo kila mwezi hahitaji kuhutubia juu ya uaminifu.

Nyongeza ya mshahara nayo ina ugonjwa wake. Katika kampuni nyingi za kati nyongeza hupewa anayeomba, na anayeomba ni yule mwenye ujasiri au mwenye barua ya ofa kutoka kwingine. Hivyo utakuta mafundi wawili waliosimama mashine moja, zamu moja, mmoja anapokea 450,000 na mwingine 620,000, na tofauti pekee ni kwamba mmoja aligonga mlango. Mishahara haifichiki kwenye kampuni ya watu 70. Siku slipu moja ikisahaulika kwenye printa, kiwanda kizima kinajua kabla ya chai. Wanawake wanaumia zaidi hapa, maana wengi wamelelewa kusubiri kupewa.

Hakuna haja ya kulipa mshauri mamilioni ili kulimaliza hili. Orodhesha kazi zote za kampuni kwenye karatasi. Kwa kawaida hazizidi aina 20. Zipange katika madaraja 5 au 6. Kila daraja lipewe kima cha chini na cha juu, na hatua 3 au 4 katikati. Mtu akianza, aelezwe yuko hatua gani na nini kitampandisha: miaka mingapi, ujuzi gani, cheti gani. Kisha chagua mwezi mmoja wa mwaka wa kupitia mishahara ya wote kwa pamoja. Mwaka ambao biashara ni mbaya, nyongeza iwe sifuri kwa wote, na itangazwe hivyo kwa maandishi. Watu wanaweza kuvumilia sifuri ya wote. Hawavumilii sifuri ya wao na asilimia 15 ya mpwa wa mkurugenzi.

Ndugu wa mwenye mali ni suala la peke yake, na wengi wanaogopa kuligusa. Kampuni ni ya familia, familia itakuwemo. Lakini kijana akiletwa kutoka shuleni akawekwa juu ya supavaiza wa miaka 12, na simu zake kwa mjomba zikawa ndizo taarifa rasmi za kiwanda, yule supavaiza amekwisha. Kuna njia yenye heshima: kijana aanze chini kwenye mashine, miezi 6 stoo, miezi 6 mauzo, miezi 6 hesabu, akiripoti kwa wakuu wa sehemu hizo na si kwa mjomba. Akimaliza, wenyewe watamkubali.

Kuna na kofia mbili. Boharia anaondoka, karani wa mauzo anaambiwa "shikilia kidogo". Kidogo inakuwa mwaka. Mwanzoni anafurahi, maana anajifunza, kama nilivyosema. Kuanzia mwezi wa nne furaha inageuka kuwa kinyongo. Weka ukomo: mtu akikaimu zaidi ya siku 30 apewe barua na posho ya kukaimu, na ndani ya miezi 6 ama athibitishwe ama nafasi ijazwe. Barua yenyewe isizidi aya tatu. Iseme anakaimu nini, tangu lini, kwa posho gani, na kazi ipi ya zamani inapunguzwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

Kofia mbili ndizo pia zinazoua likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa mwaka, na mwajiri anaweza kupanga wakati wake mradi isipite miezi 6 baada ya mzunguko wa likizo kuisha, au 12 kwa ridhaa ya mfanyakazi na sababu za kikazi. Lakini mtu mmoja tu ndiye anayejua nywila ya mfumo wa kodi, mmoja tu ndiye anayejua kuseti mashine ya kukata. Kwa hiyo haendi. Kila kazi iwe na mtu wa pili anayeijua, na ratiba ya likizo ibandikwe Januari.

Kuhusu lile la "kesho usije", nitasema machache. Kumwachisha mtu kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki, na kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka uchunguzi, tuhuma kwa maandishi katika lugha anayoielewa, saa zisizopungua 48 za kujiandaa, na kikao ambacho anaweza kuja na mwakilishi wa chama au mwenzake wa kazini. Mfanyakazi ana siku 30 kupeleka mgogoro wa kuachishwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku 60 kwa madai mengine kama ya ovataimu. Wengi hupoteza haki kwa kuzunguka nje na kusubiri hasira za bosi zipoe. Na mwajiri asiye na mkataba wa maandishi ajue kwamba mbele ya Tume mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake.

Nawafahamu wakurugenzi watakaosema karatasi hizi zitafanya kampuni iwe baridi kama ofisi ya serikali, mtu akitaka ruhusa ya saa moja ajaze fomu. Wasiwasi huo ninauheshimu. Advansi ya hospitali ibaki ya papo kwa hapo, mlango wa mkurugenzi ubaki wazi, gari la msiba lisijazewe fomu. Vya kuandikwa ni vile vinavyohusu pesa, saa, cheo na kuondoka, na vyote vinaingia kwenye kurasa 6 za Kiswahili cha kawaida. Wafanyakazi nao wana lao la kuacha. Wapo wanaoupenda mdomo pale unapowafaa, wanachelewa mara tatu kwa wiki wakitegemea kusamehewa, kisha wanadai sheria mwisho wa mwezi. Karatasi ya saa inasainiwa na pande zote mbili.

Kwa afisa utumishi ambaye yuko peke yake na ana watu 80, asijaribu kuyafanya yote mara moja. Aanze na karatasi ya ovataimu tarehe 1 ya mwezi ujao, katika sehemu moja tu ya kiwanda, ile yenye malalamiko mengi. Mwezi wa pili slipu na risiti ya NSSF ubaoni. Madaraja ya mishahara yatamchukua miezi 3 hadi 4, maana kila mkuu wa sehemu atataka watu wake wapande, na hilo linahitaji vikao. Aingie kwenye vikao hivyo na daftari la zamani la ovataimu mkononi, lile la kalamu moja.

Msomaji wako,
Afisa utumishi, sekta ya viwanda,
Dar es Salaam